Kupima kloraidi kwenye maji kwa mwanga wa kwinini

Siku mbili nzima nililaumu taa. Nilikuwa nimeyeyusha kwinini kwenye asidi, nikaimulika kwa taa ya urujuanimno, nikangoja ile bluu ambayo kila mwalimu wa kemia huisifia. Haikuja. Nikabadilisha taa, nikabadilisha betri, nikaunga waya upya. Mpwa wangu, aliyekuwa amekuja kunisaidia upande wa programu, akachungulia ndani ya boksi akasema, "Mjomba, hiyo taa imekufa." Taa ilikuwa nzima. Mimi ndiye niliyetumia asidi ya hidrokloriki, kwa sababu tu ndiyo chupa iliyokuwa karibu na mkono, na kloraidi iliyomo ndani yake, ileile iliyo kwenye chumvi ya mezani, huuzima mng'ao wa kwinini karibu wote.

Sikugundua kitu kipya. Mwanafizikia George Gabriel Stokes aliliona jambo hilohilo katika karne ya 19. Lakini kosa lile ndilo lililonipa kihisi ninachotaka kukuelekeza hapa: kama kloraidi inazima mwanga, na inazima kwa kadiri ya wingi wake, basi mwenye kuupima mwanga uliobaki anaweza kujua kloraidi ni kiasi gani. Vifaa si vingi. Kazi iko kwingine, kwenye kuhakikisha kwamba kilichopunguza mwanga ni kloraidi kweli, wala si uchafu, joto, au kuveti (kile kichupa cha mraba cha kupimia) iliyowekwa upande.

Kwa nini kwinini inawaka, na kwa nini inazimika

Kwinini ikiwa kwenye asidi hufyonza mwanga wa urujuanimno, hasa ule wenye urefu wa wimbi wa karibu nanometa 350. Molekuli ikishapokea nishati hiyo haikai nayo. Sehemu kidogo inapotea kama joto, iliyobaki inatoka kama mwanga wenye nishati pungufu, nanometa 450 hivi, na hiyo ndiyo bluu tunayoiona. Mwanga wa namna hii ndio unaoitwa fluoresensi, jina alilolitoa Stokes mwenyewe mwaka 1852. Aliutawanya mwanga wa jua kwa prizimu, kisha akaipitisha neli yenye myeyusho wa kwinini kwenye rangi moja baada ya nyingine. Kwenye nyekundu, kimya. Kwenye kijani, kimya. Ilipofika ukingoni mwa zambarau na kuvuka kuingia kwenye giza, mahali ambapo jicho halioni mwanga wowote, neli ikawaka bluu.

Tofauti hiyo ya rangi kati ya mwanga unaoingia na unaotoka ndiyo riziki yetu. Kwa kuwa rangi ni mbili, tunaweza kuizuia moja kwa kichujio na kuipokea nyingine. Ndiyo maana fluoresensi huona kiasi kidogo zaidi kuliko njia ya kupima rangi iliyofyonzwa: huko unatafuta upungufu mdogo ndani ya mwanga mwingi, huku unatafuta mwanga mdogo ndani ya giza.

Sasa kuzimika. Molekuli ya kwinini iliyopandishwa nishati hukaa katika hali hiyo kwa karibu nanosekunde 20 kabla ya kutoa mwanga. Ni muda mfupi usiofikirika, lakini kwenye maji ayoni hazitulii, na ndani ya muda huo ayoni ya kloraidi inaweza kuigonga. Ikigongwa, nishati inaishia kwenye joto na mwanga hautoki. Kloraidi ikizidi, migongano inazidi. Otto Stern na Max Volmer waliiandika hesabu yake mwaka 1919, nayo ni fupi kiasi cha kuandikwa kiganjani:

F₀ ÷ F = 1 + K × C

F₀ ni mwanga wa kwinini pasipo kloraidi, F ni mwanga ikiwepo, C ni mkolezo wa kloraidi, na K ni namba ya kifaa chako na myeyusho wako, ambayo utaipata mwenyewe. Mimi naipata karibu 120 kwa kila moli kwa lita. Maana yake mwanga unashuka hadi nusu kloraidi ikifika milimoli 8.3 hivi kwa lita, yaani miligramu 295. Shirika la Afya Duniani linasema ulimi huanza kuitambua kloraidi kwenye maji ya kunywa ikivuka takriban miligramu 250 kwa lita. Kwa hiyo kihisi hiki kina makali yake palepale ulimi unapoanza kulalamika, bahati ambayo sikuitafuta.

Wanabiolojia nao wametumia mlango huuhuu. Mwaka 1987 Illsley na Verkman walieleza kemikali iitwayo SPQ, yenye kiini cha molekuli kinachofanana na cha kwinini, wakaitumia kupima kloraidi inavyopita kwenye utando wa seli. Na vihisi vingi vya oksijeni iliyoyeyuka kwenye maji ni ndugu wa hiki: rangi yenye rutheniamu au platinamu inawaka, oksijeni inaizima, na hesabu ni ileile ya Stern na Volmer. Ukikizoea hiki hutakuwa mgeni kwa vile.

Boksi

Mimi nilitoboa kipande cha mbao ngumu. Tundu moja la mraba kutoka juu, la kuikaza kuveti ya sentimita moja bila kucheza. Matundu mawili ya pembeni, moja la taa na moja la kihisi mwanga, yanayokutana kwenye kuveti kwa pembe mraba. Pembe hiyo ina sababu: mwanga wa taa unapita moja kwa moja na kugonga ukuta wa pili, wakati fluoresensi inatoka pande zote, pamoja na upande wa kihisi. Ukiweka kihisi kikitazamana na taa utapima taa.

Ndani paka rangi nyeusi isiyong'aa. Rangi yangu ya kwanza ilikuwa ya kung'aa, na kuveti ikiwa tupu nilipata namba kubwa karibu sawa na ikiwa na kwinini. Kabla hujafunika, zima taa za chumba, mulika ndani kwa tochi ya urujuanimno na utazame. Utashangaa nini kinawaka. Karatasi nyeupe inawaka, kwa sababu viwandani huwekwa kemikali za kuifanya ionekane nyeupe zaidi. Gundi nyingine zinawaka. Plastiki nyingine zinawaka, na jambo la kuudhi kuliko yote, baadhi ya vichujio vya bei nafuu vya plastiki ya njano vinawaka vyenyewe vikipigwa na urujuanimno. Chochote kinachowaka kitoe au kifunike.

Funika boksi zima kwa kifuniko kinachoingia ndani ya ukingo, si cha kulala juu. Mwanga wa chumba ni hodari wa kupenya nyufa.

Taa, vichujio na kihisi mwanga

Taa ni LED ya nanometa 365. Nyingi zinahitaji volti 3.4 hivi, kwa hiyo ukitumia chanzo cha volti 5 na rizista ya omu 100 utapitisha takriban miliampia 16, zinazotosha bila kuichosha. Usiitazame. Mwanga wake unaonekana hafifu, zambarau ya kufifia, na hapo ndipo penye hatari: jicho halipepesi kwa sababu halijui kwamba linapigwa. Vaa miwani inayozuia urujuanimno hata kama ni kwa dakika moja ya kujaribu.

LED za namna hii zina mkia. Pamoja na nanometa 365 hutoa na mwanga kidogo wa zambarau na bluu, na huo ukigonga maji unatawanyika na kuingia kwenye kihisi ukijifanya kwinini. Mbele ya taa weka kile kioo cheusi kinachopitisha urujuanimno na kuzuia mwanga unaoonekana. Mbele ya kihisi weka kichujio kinachozuia kila kitu chini ya nanometa 420 na kupitisha vilivyo juu yake. Cha kioo ni bora kuliko cha plastiki. Ukiwa na fedha za kichujio kimoja tu, nunua hicho cha pili.

Kuveti zina mtego wake. Zile za plastiki zilizotengenezwa kwa ajili ya kupima rangi zina pande mbili safi na pande mbili zenye mikwaruzo ya makusudi, za kushikia. Kwa fluoresensi unahitaji pande zote nne safi, la sivyo kihisi kitakuwa kinachungulia kupitia ukuta wa ukungu. Kioo cha kawaida kinatosha kwa nanometa 365. Kwatzi ni ya watu wanaofanya kazi chini ya nanometa 320 hivi.

Kwa kihisi mwanga, natumia TSL2591 iliyounganishwa na Arduino, kibao kidogo cha kompyuta. Ni kipande kidogo kinachotoa namba moja kwa moja, hadi 65535. Wapo wanaopenda fotodayodi kama BPW34 na amplifaya yake, na wakiijenga vizuri wananishinda. Wapo wanaotumia kamera ya simu. Simu inawezekana, ila mpaka uikataze kujirekebisha mwangaza yenyewe, maana wewe unapima mwanga unaopungua na yenyewe kazi yake ni kuficha upungufu huo. Hata kwenye TSL2591, chagua kiwango kimoja cha ukuzaji na muda mmoja wa kupokea mwanga, uandike kwenye daftari, usibadilishe katikati ya kazi.

Programu ambayo mpwa wangu aliniandikia haina maajabu, lakini ina wazo moja ninalolipenda. Inawasha taa, inasoma. Inazima taa, inasoma. Inatoa ya pili kwenye ya kwanza. Inarudia mara 10 na kutoa wastani. Kwa njia hiyo mwanga wowote wa nje uliopenya unajiondoa wenyewe, na kwinini haikai muda mrefu chini ya taa. Hilo la mwisho ni muhimu kuliko linavyoonekana, kwa sababu molekuli zinazowaka huchoka: zikimulikwa mno zinaharibika na mwanga unashuka. Nawe utaandika kwamba umeona kloraidi.

Miyeyusho

Asidi kwanza. Mililita 5.5 za asidi ya sulfuriki kali ya asilimia 98, ndani ya maji safi yaliyokenekwa, hadi ujazo wa lita moja, zinakupa takriban moli 0.1 kwa lita. Asidi inamiminwa kwenye maji, polepole, ukikoroga. Maji hayamiminwi kwenye asidi hata siku moja, yatachemka na kuruka usoni. Glavu na miwani.

Yeyusha miligramu 100 za kwinini salfeti kwenye lita moja ya asidi hiyo. Hii ni akiba. Chukua mililita 100 za akiba, jaza hadi lita moja kwa asidi ileile: umepata miligramu 10 kwa lita, ninayoiita kwinini ya kazi. Ihifadhi kwenye chupa nyeusi. Hakikisha kwamba chumvi uliyonunua ni salfeti. Kwinini huuzwa pia kama hidrokloraidi, na hiyo inakuja na kizimaji chake mfukoni.

Kwa nini kidogo hivyo? Ukichanganya na sampuli nusu kwa nusu inabaki miligramu 5 kwa lita. Juu ya hapo kwinini inaanza kujifunika yenyewe: molekuli za mbele zinafyonza mwanga kabla haujafika katikati ya kuveti, mahali kihisi kinapotazama. Unaweza kujihakikishia. Punguza kwinini iwe nusu, usome. Namba isiposhuka hadi nusu, ama kihisi kimejaa pomoni ama kwinini ni nzito mno.

Kisha chumvi. Gramu 5.844 za kloraidi ya sodiamu kavu, ya maabara, kwenye lita moja ya maji: moli 0.1 kwa lita. Chumvi ya mezani haifai hapa kwa sababu huongezewa madini joto na vitu vya kuizuia isigande. Kutoka kwenye chupa hiyo pima mililita 10, 20, 40 na 80, kila moja ijazwe maji hadi mililita 100. Una milimoli 10, 20, 40 na 80 kwa lita. Zikichanganywa nusu kwa nusu na kwinini ya kazi zinakuwa 5, 10, 20 na 40 ndani ya kuveti.

Kukifundisha kihisi

Washa kifaa uache kipate moto dakika 15. LED baridi ina mwanga mwingi kuliko LED iliyopata joto, na usipongoja utapima LED inavyofifia ukidhani ni kloraidi. Miyeyusho yote, pamoja na sampuli, iwe na jotoridi moja. Iache kwenye meza ileile kwa saa moja. Joto likipanda ayoni zinakimbia zaidi na kugongana zaidi, K inabadilika. Sampuli iliyotoka kwenye jokofu ina ubaya wa ziada, inaifanya kuveti itoke jasho nje.

Anza na kuveti yenye asidi tupu na maji, isiyo na kwinini. Namba hiyo ni ya mwanga uliopotea njia. Utaitoa kwenye kila namba inayofuata. Halafu kwinini ya kazi na maji safi nusu kwa nusu, ambayo ndiyo F₀. Halafu chumvi zako kutoka nyepesi hadi nzito. Kuveti iingie ikitazama upande uleule kila mara. Nimechora nukta ya wino kwenye ukingo wa juu na nukta nyingine kwenye mbao, zikutane.

Zangu za siku moja zilikuwa hivi, baada ya kutoa namba ya asidi tupu: F₀ 24,000. Kwa milimoli 5, 14,900. Kwa 10, 10,950. Kwa 20, 7,040. Kwa 40, 4,190. Gawanya F₀ kwa kila moja: 1.61, 2.19, 3.41, 5.73. Zichore kwenye grafu, mkolezo chini, mgawanyo kando. Zinapaswa kulala kwenye mstari ulionyooka unaoanzia kwenye 1, na mteremko wake ndio K. Nukta ya mwisho kwangu iko chini kidogo ya mstari, na kawaida nukta za mwisho ndizo zinazokengeuka, kwa sababu mwanga umebaki mdogo na kosa dogo kwenye namba ya asidi tupu linaonekana kubwa. Mimi huwa siipi imani namba yoyote ambapo mgawanyo umevuka 5. Bora niongeze maji kwenye sampuli nirudie.

Sampuli sasa. Maji nusu, kwinini ya kazi nusu. Tuseme unapata 13,200. Kugawanya 24,000 kwa 13,200 ni 1.82, toa 1, gawanya kwa 120, ni milimoli 6.8 ndani ya kuveti. Kwa kuwa uliipunguza nusu, maji yenyewe yana 13.6, na ukizidisha kwa 35.45 (gramu za moli moja ya kloraidi) unapata miligramu 483 za kloraidi kwa lita. Maji ya bahari yana gramu 19 hivi kwa lita, kwa hiyo hayo usiyaweke humu kabla ya kuyapunguza mara mia.

Kuhusu kiasi kidogo kabisa unachoweza kukiona, watu hujisifu kupita kiasi. Kanuni ni kuchukua mtawanyiko wa namba za F₀, kuzidisha kwa 3, na kuona ni kloraidi kiasi gani ingeleta mabadiliko hayo. Nikiiacha kuveti ndani na kusoma mara 10, namba zangu hutawanyika kwa robo ya asilimia, na hesabu inanipa miligramu 4 au 5 kwa lita kwenye maji ya asili. Maridadi. Lakini nikiitoa kuveti, nikaimwaga, nikaiosha, nikaijaza upya na kuirudisha, mara 10, mtawanyiko ni asilimia 2, na kikomo kinakuwa miligramu 35. Hii ya pili ndiyo ninayoiandika. Hakuna anayepima sampuli bila kuitoa kuveti.

Giza la uongo

Kuna vihisi vinavyowaka vinapokutana na kemikali, na kuna vinavyozimika. Ningekuwa na hiari ningechagua vinavyowaka, kwa sababu ni vigumu kwa bahati mbaya kuwasha taa, ila kuizima ni rahisi. Kihisi chetu ni cha kuzimika. Vumbi, kiputo cha hewa kwenye ukuta wa kuveti, alama ya kidole, maji yenye rangi: vyote hivyo kwake ni kloraidi.

Upande mwingine upo pia. Maji ya kidimbwi au mto yaliyopita kwenye majani yaliyooza yana vitu vya asili vinavyowaka bluu karibu na kwinini kabisa. Basi kwa kila sampuli soma pia kuveti yenye sampuli hiyo na asidi tupu isiyo na kwinini, utoe namba hiyo badala ya ile ya maji safi. Sabuni ya unga ya kufulia ina zilezile kemikali za weupe zilizo kwenye karatasi, na kuveti iliyooshwa nayo itang'aa wiki nzima.

Bromaidi na ayodaidi huzima kwinini kama kloraidi, tena kwa nguvu zaidi. Kwenye maji mengi ya kawaida ni kidogo sana kiasi cha kutosumbua, lakini kifaa chenyewe hakijui tofauti. Ukiwa na shaka, rudi kwenye njia ya zamani ya mkemia Mohr, ya kuigandisha kloraidi kwa nitreti ya fedha, ulinganishe. Nayo haitenganishi bromaidi, ila angalau haijali kuveti imesimama vipi.

Kwa maji yenye rangi au ukungu ipo dawa ninayoitumia kila mara, na ningependa ningeijua mwaka wa kwanza. Rangi inapunguza mwanga wote kwa sehemu ileile, iwe kloraidi ni nyingi au chache. Kwa hiyo usiilinganishe sampuli na F₀ ya maji safi. Ilinganishe na yenyewe. Weka mililita 3 za mchanganyiko wa sampuli na kwinini kwenye kuveti, soma. Ongeza maikrolita 15 za chumvi ya moli 1 kwa lita, ambazo zinaongeza milimoli 5, koroga, soma. Ongeza 15 nyingine, soma tena. Sasa chora moja gawanya kwa F, si F yenyewe, dhidi ya kloraidi uliyoongeza. Mstari utanyooka. Urefushe kwenda kushoto, ng'ambo ya sifuri, mpaka ukate mhimili wa chini. Umbali kutoka sifuri hadi hapo ni kloraidi ya sampuli jumlisha moja gawanya kwa K. Kwa K ya 120, moja gawanya kwa K ni milimoli 8.3. Itoe, kilichobaki ndicho unachokitafuta.

Nilikuwa na maji ya rangi ya majani makavu ambayo mara ya kwanza yalisoma 15,000. Kwa njia ya moja kwa moja hiyo ni milimoli 5 kwenye kuveti, miligramu 354 kwa lita kwenye maji yenyewe. Nikaongeza chumvi: 10,410, kisha 7,970. Mstari ulikata mhimili kwenye 11.3 upande wa kushoto. Toa 8.3, unabaki na 3, ambayo ni miligramu 213. Rangi peke yake ilikuwa imenipa miligramu 140 ambazo hazikuwepo, na kuyavusha maji alama ya 250 kwa hila. Nitreti ya fedha ilikaa upande wa 213.

Njia hiyo haikuokoi na bromaidi, wala haikuokoi na maji yenye magadi mengi yanayoila asidi yako. Ya pili pima kwa karatasi ya pH baada ya kuchanganya. Ikipanda juu ya 2, ongeza nguvu ya asidi kwenye kwinini ya kazi na ukifundishe kihisi upya.

Ukimaliza, kuveti ioshwe palepale kwa maji yaliyokenekwa mara tatu, isubiri ikiwa imepinduliwa kwenye karatasi ya tishu, ishikwe ukingoni tu. Mabaki yana asidi: yapunguze makali kwa soda ya kuokea hadi yaache kutoa povu kabla ya kuyamwaga. Madoa sugu kwenye kioo nayaondoa kwa asidi ya sulfuriki nyepesi na uvumilivu. Vitabu vingi vya maabara vitakuambia utumie hidrokloriki kwa kazi hiyo. Yangu nimeihamishia rafu ya chini kabisa, nyuma ya boksi la glavu, na mpwa wangu ameiandikia kwa kalamu nene: "Mjomba, si hii."